Kabla ya Kununua Mota: Mhadhara kuhusu Kasi ya Malori ya Umeme ya Rimoti

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, na nyinyi wenye malori mlioketi nyuma mkiwa mmeyapakata kama watoto wachanga, nashukuru kwa kunialika tena. Nimeombwa nizungumzie namna ya kuongeza kasi ya lori la umeme linaloongozwa kwa rimoti, na swali mtakaloniuliza nikishuka hapa nalijua, kwa kuwa ndilo ninaloulizwa kila niendako: "Mwalimu, ninunue mota gani?" Jibu langu halijabadilika. Kabla ya kununua mota yoyote, nunua kipimajoto, kile cha miale ambacho unakielekeza tu kwenye kitu nacho kinakuonyesha nyuzi. Ukishakuwa nacho, njoo tuzungumze habari ya mota.

Sitaeleza mota inavyofanya kazi, maana hilo mmelisoma. Nataka tupige hesabu moja. Chukua lori la kawaida la kipimo cha 1 kwa 10, yaani sehemu ya kumi ya ukubwa wa lori halisi, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, lenye mota isiyo na brashi inayozunguka mara 3,500 kwa dakika kwa kila volti, na betri ya lithiamu ya seli mbili, yaani volti 7.4. Mota hiyo ikiwa haina mzigo itazunguka mara 25,900 kwa dakika. Tuseme giya ndogo iliyo kwenye mhimili wa mota ina meno 19, giya kubwa inayokamatana nayo ina meno 86, na ndani ya giyaboksi kuna upunguzaji mwingine wa 2.72. Maana yake ni kwamba mota inazunguka mara 12.31 ili gurudumu lizunguke mara moja. Tairi likiwa na kipenyo cha milimita 110, kila mzunguko wake unalisogeza lori karibu sentimita 34.6. Zidisha na ugawanye, utapata takriban kilomita 43.6 kwa saa. Hiyo ni kasi ya kwenye karatasi. Kiwanjani utapata pungufu, kwa sababu hakuna mota inayofikia mizunguko yake yote ikiwa imebeba mzigo.

Sasa ondoa ile giya ya meno 19, weka ya meno 23, bila kugusa kitu kingine chochote. Karatasi inakuambia kilomita 52.8 kwa saa. Umepata ongezeko la asilimia 21 kwa kipande cha chuma kinachoenea kwenye ncha ya kidole, kwa bei ambayo ukiilinganisha na bei ya mota ni kama bure. Mtu anayekimbilia kununua mota kabla ya kujaribu hilo ana fedha za kuchezea, na mimi sina ugomvi naye.

Ugomvi wangu ni na yule aliyeligundua jambo hili la giya, akalifurahia, kisha akadhani kasi hiyo ameipata bila kulipa. Nisikilizeni hapa, hata kama wengine mmenisikia nikilisema mwaka jana na mwaka juzi. Upinzani wa hewa hauongezeki sambamba na kasi. Unaongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi. Ukiongeza kasi kwa asilimia 21, nguvu ya hewa inayolirudisha lori nyuma inaongezeka kwa karibu asilimia 47. Wakati huohuo, kwa kubadili giya umeipunguzia mota nafuu yake ya kusukuma kwa kiasi kilekile, hivyo nguvu ya kuzungusha inayotakiwa kwenye mhimili wa mota inapanda kwa asilimia 77. Nguvu ya kuzungusha katika mota ya umeme inakwenda sambamba na mkondo, basi ampea zako nazo zimepanda kwa asilimia 77. Na joto linalozaliwa ndani ya nyaya za mota linakwenda kwa kipeo cha pili cha mkondo. Fanyeni hesabu wenyewe: joto limezidi mara tatu. Kasi imeongezeka kwa moja ya tano, na joto limekuwa zaidi ya mara tatu ya lilivyokuwa.

Najua kuna mtu hapa, na pengine ni mwalimu mwenzangu wa fizikia, anayetaka kunikumbusha kwamba sehemu ya upinzani inatoka kwenye matairi na mchanga, na kwamba upinzani huo hauongezeki kwa kipeo cha pili. Ni kweli, na kwa sababu hiyo lori halisi halitafika mara tatu kamili. Lakini lori si gari la mashindano lililolala chini. Limenyanyuka, bodi yake ni pana, na hewa inaingia chini yake na kunaswa humo. Mpe nafuu ya mchanga, bado hesabu inabaki mbaya.

Joto hilo nalo halikai kimya. Shaba ikipata moto, ukinzani wake unapanda kwa karibu asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, hivyo nyaya zilizotoka nyuzi 25 zikafika 85 zina ukinzani uliozidi kwa asilimia 23, na ukinzani huo unazalisha joto jingine juu ya lile la kwanza. Sumaku za neodimiamu za daraja la kawaida zinaanza kupoteza nguvu zikivuka nyuzi 80, na sehemu ya nguvu hiyo hairudi hata mota ikipoa usiku kucha. Mota iliyopoteza sumaku inahitaji ampea nyingi zaidi kwa kazi ileile, kwa hiyo inapata moto mapema zaidi kila ukiiwasha. Kwetu huku pwani, mchana wa nyuzi 32 kivulini, lori linaanza safari likiwa limeshatumia sehemu ya akiba yake. Kanuni yangu ni kutovuka nyuzi 70 nje ya mota, maana ndani ni moto zaidi ya hapo. Unaendesha dakika tatu, unasimama, unapima. Ikiwa kipimo kiko chini, unaendelea. Ikiwa kimepanda haraka, unarudisha giya yenye meno machache.

Kijana mmoja aliniletea lori lililokuwa limekwisha unguza mota mbili. Muuzaji wake alimwambia mota ya kwanza ilikuwa dhaifu, akamuuzia kubwa zaidi, nayo ikanuka vanishi iliyoungua kabla wiki haijaisha, na sasa alitaka nimchagulie ya tatu. Nikalipindua lori. Alikuwa ameweka giya ya meno 23, jambo ambalo peke yake lingevumilika, lakini pia alikuwa amevalisha matairi makubwa ya milimita 130 kwa sababu yanapendeza. Kuweka tairi kubwa ni kuongeza meno ya giya ndogo kwa jina jingine. Ukiweka vyote viwili pamoja, kasi ya lori lake kwenye karatasi ilikuwa imepandishwa kwa asilimia 43 juu ya lori letu la mfano, nalo halikuwa na njia ya kuzungusha mzigo huo bila kuungua. Kisha nikajaribu kuizungusha giya kubwa kwa kidole, ikakataa, kwa sababu aliibana mota hadi meno yakawa yanasagana. Nikachana ukanda mwembamba wa karatasi ya daftari, nikaupitisha katikati ya giya mbili, nikaisogeza mota mpaka meno yakakamata karatasi, nikakaza skrubu, halafu nikauchomoa ukanda kwa kuzungusha giya. Ulitoka una mikunjo iliyolingana mwanzo hadi mwisho, bila kuchanika, na giya ikacheza kidogo sana ilipoguswa. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Karatasi ikitoka imekatika vipande, umebana mno. Ikitoka bila alama, meno yatarukiana na kuliwa. Tulimrudishia matairi ya awali na giya ya meno 21, na mota ya kawaida ikamtosha.

"Lakini mwalimu, nimefunga feni." Vizuri, ifunge. Feni inapoza ganda la nje, na joto linazaliwa kwenye nyaya na rota, kwa hiyo feni inakuongezea dakika, haikupi ruhusa. Na yule atakayeniambia kwamba mwaka 2014 Nic Case wa Marekani aliendesha gari lake dogo la umeme la rimoti kwa zaidi ya kilomita 320 kwa saa, naomba alitazame gari lenyewe kwanza: limelala karibu na ardhi, limefunikwa lote kwa umbo la kupasua hewa, na linakimbia kwenye lami laini kwa muda mfupi sana. Halina uhusiano na lori linaloruka matuta.

Kuna njia bora kuliko kubebesha giya, nayo ni volti. Ikiwa kidhibiti mwendo chako, yaani kile kifaa kinachoipimia mota umeme wa betri, na mota yako vimeandikwa kwamba vinakubali seli tatu, yaani volti 11.1, hamia huko, lakini punguza meno ya giya ndogo. Kazi ileile ikifanywa kwa volti zilizozidi kwa nusu, inahitaji theluthi mbili tu ya ampea, na joto kwenye waya zinazotoka kwenye betri linashuka hadi chini ya nusu. Wengi wanaongeza seli ya tatu na kuiacha giya ilivyokuwa. Kwenye lori letu la mfano hiyo ni kilomita 65 kwa saa, na ukikumbuka hesabu ya hewa niliyoifanya sasa hivi, mtajua kwa nini mota zao hazidumu. Chukua kilomita chache, acha zilizobaki.

Betri yenyewe inadanganya zaidi ya mota. Tuseme lori linavuta ampea 60. Betri nzuri ya seli mbili yenye ukinzani wa ndani wa miliomu 5 kwa kila seli inapoteza volti 0.6 tu. Betri iliyochoka, yenye miliomu 25 kwa seli, inapoteza volti 3, na volti hizo zinageuka joto ndani ya mfuko wa betri. Mwenye betri hiyo anasema mota imezeeka. Tazameni pia plagi. Zile plagi nyeupe za plastiki zinazokuja na malori mengi ya bei nafuu hazikukusudiwa mikondo hii; mkiona weupe umegeuka hudhurungi kuzunguka pini moja, ikateni, mlehemu plagi ya XT60 au inayofanana nayo. Ikateni waya mmoja baada ya mwingine, msikate waya mbili kwa pamoja betri ikiwa na chaji, mkikumbuka kwamba ni lithiamu. Seli isijazwe kupita volti 4.2, isishushwe chini ya 3.2, na ikiwa haitumiki ikae karibu na 3.8. Iliyovimba haichajiwi tena, hata mkiniambia imevimba kidogo.

Nimeonyeshwa saa, kwa hiyo yaliyobaki nayataja tu. Badilisheni bushi za plastiki kwa beringi, maana ni nafuu na msuguano unapungua bila gharama ya joto. Klachi ya kuteleza, ile inayoachia mzigo unapozidi, isikazwe hadi mwisho, la sivyo giya za ndani ndizo zitakazovunjika. Msichanganye giya ambazo ukubwa wa jino lenyewe unatofautiana; idadi ya meno ni jambo jingine. Meno yakionekana kufanana kwa macho haitoshi. Kwenye bodi ya lori la mashindano ya udongo toboeni matundu sehemu ya nyuma ili hewa inayonaswa itoke, kwa kuwa kwenye kasi hizi ndiyo inayolinyanyua na kulipindua. Habari ya kusogeza mbele wakati wa mota kwa programu, yaani kuipa umeme mapema kidogo katika kila mzunguko, nilitaka kuifafanua, lakini inahitaji kipindi chake, na kwa leo nawasihi muiache kwenye sifuri.

Wenye malori tutoke nao uwanjani. Betri zichomolewe kwanza, nipite nikague ukaaji wa giya wa kila mmoja, na atakayenionyesha mota mpya kabla hajanionyesha kipimajoto atasubiri wenzake wamalize.