Jina Lako Limo Kwenye Daftari? Kibarua na Haki ya Usalama Kwenye Saiti za Dodoma

NEEMA: Karibu tena, msikilizaji, katika kipindi chetu tunachokirekodi hapa Dodoma. Mimi ni Neema, nipo na mwenzangu Yona, na leo tunazungumzia usalama wa watu wanaoujenga mji huu. Tangu ilipotangazwa mwaka 2016 kwamba Serikali inahamia hapa, mashine za kuchanganyia zege hazijanyamaza: Mji wa Serikali kule Mtumba, uwanja wa ndege wa Msalato, barabara ya mzunguko, na nyumba za watu binafsi Ilazo, Nzuguni na Nkuhungu.

YONA: Ningependa tuanzie kwenye hizo nyumba za watu binafsi, dada Neema, kwa sababu miradi mikubwa walau ina afisa usalama na bango getini. Kwenye ghorofa linalojengwa na fundi mkuu mmoja, nyapara na vibarua kumi na wawili, swali la kwanza kabisa huwa halijapata jibu: je, kibarua ni mfanyakazi? Wenye nyumba wengi watakuambia kwamba huyo ni mtu wa kutwa tu, analipwa jioni na kwenda zake.

NEEMA: Sheria haikubaliani nao. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004, kinaelekeza kwamba mtu anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa mfanyakazi, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa lipo hata jambo moja tu kati ya yaliyotajwa humo: kwamba saa zake au namna anavyofanya kazi hupangwa na huyo mwingine, kwamba anapewa vifaa vya kazi, kwamba anamtegemea kwa kipato, au kwamba amemfanyia kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Sasa nionyeshe kibarua anayejipangia mwenyewe saa ya kumwaga zege.

YONA: Hayupo. Siku ya slabu hata ugali huliwa kwa zamu.

NEEMA: Basi huyo ana haki zake chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Mwajiri anapaswa kusajili mahali pa kazi, kuwapima afya watu wake, na kuwapa vifaa vya kinga bila malipo. Naomba nilirudie hilo la bila malipo, kwa kuwa nimewasikia vibarua wakieleza jinsi nyapara anavyowakata ujira ili kufidia bei ya gambuti. Na mwezi uliopita niliingia kwenye saiti moja, ambayo sitaitaja, nikaona kofia ngumu sita zimetundikwa kwenye misumari ndani ya stoo, nailoni ya dukani bado imezifunika. Nje, kijana aliyevaa kandambili alikuwa juu ya jukwaa la mirunda, karai la zege begani. Nilipouliza, mtunza stoo akanijibu kwa upole kabisa kwamba zile ni za wakaguzi.

YONA: Wakaguzi wenyewe wana vichwa vigumu, vibarua ndio wanaohitaji kofia. Lakini tuache utani, kwa sababu kuna hatari nyingine isiyoonekana kirahisi kama ile ya jukwaa. Ni mitaro na mashimo. Udongo wetu wa Dodoma wakati wa kiangazi hukauka na kusimama wima kama ukuta, kiasi kwamba mchimbaji aliyekwenda chini kimo cha mtu na nusu haoni sababu ya kuweka mbao za kuzuia kingo. Mvua za kwanza za Desemba zikinyesha, kingo zilezile hulainika na kumeguka bila kutoa sauti. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito unaofika tani moja na nusu hivi, na aliyefukiwa hadi kifuani anaweza kukosa pumzi ingawa kichwa chake kiko nje. Udongo uliochimbuliwa haupaswi kurundikwa ukingoni, na ngazi inapaswa kuwemo ndani ya mtaro muda wote ambao mtu yumo.

NEEMA: Vumbi nalo lisisahaulike. Vilima vyetu ni vya mawe ya itale, na anayeyakata kwa mashine bila maji anavuta chembechembe zinazoharibu mapafu polepole, kwa miaka. Huyo hataanguka mbele ya mtu yeyote, na ndiyo maana ni muhimu kujua kwamba fidia haihusu ajali peke yake bali na magonjwa yatokanayo na kazi.

YONA: Hapo ndipo pananigusa binafsi. Mjomba wangu alianguka kutoka kwenye jukwaa, nyonga ikavunjika. Mwenye kazi alimpa shilingi elfu hamsini na pole nyingi. Hakuna aliyetuambia kwamba kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015.

NEEMA: Na michango ya mfuko huo hutolewa na mwajiri peke yake, haikatwi kwenye ujira. Aliyeumia ana haki ya matibabu, na akiwa hawezi kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya kipato chake kwa muda usiozidi miezi 24. Akifariki, yapo malipo kwa wategemezi na msaada wa mazishi. Lakini dai linapaswa kuwasilishwa ndani ya miezi 12.

YONA: Sisi tulijua baada ya miaka miwili. Na hata tungewahi, kaka yangu alikwenda kuomba ushahidi kwa nyapara akaonyeshwa daftari la mahudhurio. Mjomba aliandikwa humo kwa jina la utani, "Mzee Bahi", kwa sababu alitokea Bahi. Mstari wa juu yake kulikuwa na "Mrefu", wa chini "Mwenye Koti". Ungempelekea nani dai la "Mzee Bahi"?

NEEMA: Na kibarua akiona jukwaa linayumba, je, anaweza kukataa kupanda?

YONA: Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani unamlinda anayejiondoa kwenye hatari kubwa ya papo kwa papo, naye hapaswi kuadhibiwa kwa hilo. Mwezi Juni 2022 mkataba huo uliingizwa kati ya mikataba ya msingi ya shirika hilo. Lakini tuseme ukweli: kibarua akikataa leo, kesho wapo watano getini wanaosubiri nafasi yake. Kwa hiyo nawashauri wakatae wakiwa kundi, na wakatae kitu kinachotajika, ubao fulani au kamba fulani, ili fundi mkuu apate cha kurekebisha.

NEEMA: Mjomba anaendeleaje?

YONA: Anachechemea, lakini amerudi kazini, sasa anapanga tofali na hapandi juu. Kila anapopata saiti mpya, kabla hajagusa koleo, humwomba nyapara amwonyeshe ukurasa wa siku hiyo. Huandika mwenyewe majina yake yote matatu, kwa herufi kubwa, na pembeni namba ya simu ya shangazi.