Treni ya betri ndani ya koili ya shaba

Assalaam aleykum. Treni ya Bububu, kule Unguja, ilisimama enzi za babu zetu, na hapa Pemba haikufika kabisa. Basi leo tuko barazani Wete, tunaunda ya kwetu. Haina injini wala magurudumu.

Tafuta betri nyembamba ya rimoti, AAA, sumaku mbili za duara, zile kali zinazong'aa, upana milimita 12, na waya mtupu wa shaba kama mita 5. Kwenye waya nisikilize vizuri. Mara ya kwanza nilichukua wa kusukia mota. Nikazungusha jioni nzima, betri ikalala tu mle ndani kama dagaa mkavu. Kumbe waya ule umepakwa vanishi, umeme haupiti! Menya waya wa umeme wa nyumba, wa uzi mmoja. Wa chuma usijaribu, sumaku zitaung'ang'ania.

Uzungushe kwenye kalamu nene ya ubao, kisha ivute kalamu utoke msokoto, ndiyo koili yetu. Mizunguko isigusane.

Sasa zikaribishe sumaku mpaka upate pande zinazokataana. Pande hizo ndizo zinazobandikwa kwenye betri, sumaku moja kila ncha. Ingiza. Ikitemwa, igeuze uanze na ncha ya pili. Hiyooo, inakwenda!

Kwa nini? Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted, kule Denmark, aliona sindano ya dira ikicheza karibu na waya wenye umeme. Dira ile ile anayoiamini nahodha. Hapa umeme wa betri unapita kwenye sumaku, unaingia katika mizunguko iliyo baina yao tu, na kipande hicho cha koili nacho kinakuwa sumaku. Sumaku moja kinaivutia ndani, nyengine kinaisukumia nje, na kwa vile tulizipanga zikitazamana kwa ncha za aina moja, nguvu zote mbili zinaelekea upande mmoja. Betri ikisogea, mizunguko ya nyuma inakosa umeme, ya mbele inaupata. Treni inatembea na uga wake wenyewe, yaani eneo linalofikiwa na nguvu ya sumaku. Geuza sumaku moja uone: nguvu zinapingana, haiendi popote.

Ikikwama itoe upesi, betri inachemka. Sumaku weka mbali na watoto wadogo. Wakimeza mbili, zinashikana tumboni na kubana utumbo.

Mwanangu hapa wa skuli keshanipokonya koili, anaikunja iwe duara. Ngoja tuone itazunguka mara ngapi kabla betri haijachoka.