Kichwa cha Treni ya Mvuke kwa Karatasi: Boila na Magurudumu

Karibuni. Leo tunaunda kichwa cha treni ya mvuke kwa karatasi, kwa kipimo cha 1:25. Kabla hujakata chochote, jua ukubwa wa kazi. Mallard, ile injini ya Uingereza iliyofikisha kilomita 203 kwa saa mwaka 1938, ina urefu wa mita 21 na ushei pamoja na behewa lake la makaa. Kwa kipimo chetu ni kama sentimita 85, kwa hiyo anza kwa kutafuta rafu ya kuiweka.

Mwili tunatumia karatasi ya gramu 160 hadi 200 kwa mita ya mraba, mabomba madogo karatasi ya kawaida ya gramu 80, na fremu kadibodi ya milimita 1. Andaa rula ya chuma, kibano, msasa laini, gundi nyeupe na kisu chenye ncha. Makali ya kisu yabadilishe bila huruma. Yakiwa butu yanachana karatasi badala ya kuikata.

Kama vipande vya kukata umevichapa kwa printa ya wino, nyunyizia vanishi isiyong'aa, iache ikauke. Ukiruka hatua hii, maji ya gundi yatauchafua wino. Printa ya leza haina shida hiyo, ila rangi yake hupasuka kwenye mikunjo.

Sasa ribiti, yaani vile vichwa vya misumari inayounganisha mabati ya injini, na hizi zinafanywa kabla ya kukata. Shika karatasi dirishani, mwanga upenye, tia alama kwa penseli upande wa nyuma. Ilaze juu ya mpira laini, kisha bonyeza kila alama kwa bolpeni iliyokwisha wino. Taratibu, usitoboe. Nasogeza kamera: mnaona vinundu vinavyojitokeza upande wa mbele? Wengi huridhika na ribiti za kuchorwa. Mimi siridhiki, maana mwanga wa pembeni huzifichua mara moja.

Twende kwenye boila, lile pipa refu la kuchemshia maji. Karatasi ina nyuzi, na nyuzi hizo zinapaswa kulala kwa urefu wa boila. Ipinde kidogo huku na huku: upande unaokubali kirahisi ndio wa kuviringisha. Ivute juu ya ukingo wa meza mara kadhaa, ukiibana kwa kiganja, hadi ijikunje yenyewe. Usiilazimishe kwa vidole, itapata mistari isiyotoka tena.

Usipandishe ncha moja juu ya nyingine. Zikutanishe ukingo kwa ukingo, ndani ubandike ukanda mwembamba, na mshono uutazamishe chini. Ndani ya boila tunaweka duara za kadibodi, na hapa ndipo kazi inapoharibika. Kipenyo kikizidi nusu milimita tu, mzingo unazidi milimita 1.5, na mshono haufungi. Kikipungua, boila linabonyea. Kata duara kubwa kidogo, sugua kwa msasa, jaribisha, sugua tena. Gundi iwe ya mwisho kabisa.

Magurudumu yanataka subira zaidi. Bandika karatasi yenye spoku juu ya kadibodi, weka kitu kizito, subiri ikauke kabisa. Toa kwanza nafasi zilizo kati ya spoku, mzunguko wa nje ukate mwisho. Ukianza na nje, gurudumu linalegea mkononi. Kisha dondoshea spoku supaglu nyepesi hadi izame, madirisha yakiwa wazi kwa sababu moshi wake unachoma macho. Ikishakauka, kadibodi inasuguka vizuri bila kutoa manyoya. Kingo nyeupe zipake rangi ya maji iliyo nzito. Kalamu za wino husambaa hadi usoni, ziache.

Wakati wa kuvalisha magurudumu kwenye ekseli, gundisha upande mmoja tu kwanza. Kwenye injini ya silinda mbili, pini za kushoto na kulia, zile za kwenye magurudumu zinazoshika fito, hupishana nyuzi 90, ili pistoni moja ikifika mwisho wa safari yake nyingine iwe katikati, injini isikwame. Mallard ina silinda tatu, kwa hiyo pini zake hupishana nyuzi 120. Tazama picha za injini unayoiunda kabla ya kuamua. Upande mmoja ukikauka, panga pini za kila upande zielekee sawa, vika fito za kuunganisha bila gundi, sukuma. Zikizunguka bila kukwama, gundisha upande wa pili. Zikikwama, ekseli moja imepinda, na sasa bado unaweza kuinyoosha.

Tumalizie na vishikio vya pembeni mwa boila. Chukua waya wa shaba kutoka kwenye kebo kuukuu, bana ncha moja kwa koleo, vuta hadi unyooke. Toboa matundu kwa sindano, ingiza waya, weka tone la gundi kwa kijiti cha meno kwa upande wa ndani. Acha usiku kucha. Chumba cha dereva na behewa la makaa tutavishughulikia kwenye video ijayo.