Njaa ya watu: nilivyogombana na familia yangu nikiwa nimefungiwa Leicester

Watu wangu mambo vipi, leo sina mziki wa kufungulia wala sijavaa vizuri, nimekaa tu hapa jikoni, mtanisamehe taa sio nzuri.

Sasa iko hivi. Nilivyoenda nyumbani Tanga Desemba tulikuwa barazani na jamaa zangu, kahawa na kashata, stori za hapa na pale, mmoja akanambia "we si mwaka ule wa korona ulikuwa unalipwa kulala? Sisi huku tunapiga nyungu tunaenda kazini." Wakacheka wote na mimi nikacheka. Ila usiku nilivorudi nyumbani sikulala aisee, maana jamaa hajakosea, nililipwa kulala kweli, na hicho ndo kitu ambacho sijawahi kukaa nikamweleza mtu yeyote kilinifanya nini.

Tarehe 23 Machi 2020 Boris Johnson, waziri mkuu wa Uingereza wakati ule, katokea kwenye tivii jioni kasema kaeni ndani. Mimi nilikuwa msaidizi wa jikoni hotelini hapa Leicester, Uingereza, hoteli ikafungwa, serikali ikawa inalipa asilimia 80 ya mshahara, mwisho pauni 2,500 kwa mwezi, mimi wala sikufika huko lakini kodi ililipika na mama alitumiwa. Kwa hiyo sina lawama upande wa hela. Chumba changu kilikuwa juu ya duka la kutengeneza simu, jiko humo humo kitanda humo humo, ukikaa kitandani unafungua friji bila kunyanyuka, dirisha moja tu linaangalia ukuta na mapipa ya taka. Ulikuwa unaruhusiwa kutoka mara moja kwa siku kufanya mazoezi, na kwenda dukani basi. Wiki ya kwanza nilienjoi nisidanganye. Nimelala, nimeangalia muvi, nimepika biriani la mtu mmoja.

Halafu nakumbuka siku moja nimetoka kununua maziwa, nataka kumwambia muuzaji asante, sauti haikutoka. Ikatoka kama ya jogoo aliyekabwa. Ndo nikahesabu nikakuta siku 6 sijaongea na binadamu kwa mdomo, ni meseji tu na stika.

Kulikuwa na kile kitu cha Alhamisi saa 2 usiku, watu wanasimama milangoni wanapiga makofi na masufuria kuwashukuru manesi na madaktari. Jamani mimi nilikuwa nalisubiri tangu asubuhi. Naoga, nanyoa ndevu, navaa shati la kola, nashuka ngazi nasimama mlangoni napiga makofi dakika mbili, namwona mama wa ng'ambo ya barabara ananipungia mkono, narudi juu. Hiyo ndo ilikuwa shughuli yangu ya wiki. Zikaenda wiki 10 hivo, mwisho wa mwezi wa 5 wakaacha, na mimi na kuoga nikaacha.

Sasa hapo hapo nyumbani ndo kumechangamka. Takwimu za korona Tanzania ziliishia mwanzoni mwa Mei, wagonjwa 509, baada ya hapo kimya, mwezi wa 6 hayati Magufuli akasema nchi haina korona, vyuo vimefunguliwa, ligi imerudi, watu wamejaa uwanjani. Sitaki kuingia kwenye hiyo mada, kila mtu ana maumivu yake na wako waliozika. Nachosema ni mimi niliyeko juu ya duka la simu naangalia hizo video. Na wakati Uingereza nzima wanajiandaa kufungua baa tarehe 4 Julai, sisi Leicester tunaambiwa usiku wa tarehe 29 Juni kwamba nyinyi bado, mji wenu una wagonjwa wengi, rudini ndani. Mji wa kwanza kufungiwa peke yake. Kuingia nyumbani kwa mtu mwingine kupiga stori tu kukaa, sisi tumekuja kuruhusiwa tarehe 17 Mei 2021, piga hesabu mwenyewe. Kulikuwa na utaratibu kwamba unayeishi peke yako chagua nyumba moja mjiunge muwe kama familia moja. Eti chagua. Unampigia nani? Unamwambiaje mtu mlikuwa mnasalimiana tu kazini, "samahani naomba niwe familia yako"? Sikumpigia mtu.

Nilichofanya nilimpigia mdogo wangu wa kike, nikamwambia simu usikate, iegeshe hapo kwenye kabati la vyombo, endeleeni na mambo yenu. Basi mimi huku nimejifunika blanketi nasikia mbuzi ya nazi inakuna, kru kru kru, nasikia mama anagomba nani kamaliza mafuta, saa 10 na nusu jioni ya huku, kwao saa 12 na nusu, inaingia adhana ya magharibi msikiti wa pale mtaani. Hawaongei na mimi, wamenisahau kabisa, na hicho ndo nilichokuwa nakitaka. Bando lilikuwa linaisha hilo, mdogo wangu anasema "kaka unatuchoma", namwambia chukua hii weka vocha.

Lakini mchezo ukaharibika, na ni mimi niliyeuharibu.

Siku hiyo nimepika ugali na samaki, wa kopo lakini nimemuunga na nazi, nikapiga picha nikatuma kwenye grupu la familia. Watu 17. Tiki za bluu zinaanza kuingia. Saa moja hakuna neno. Saa mbili. Nimekaa pale nashika simu kama nalinda benki, naingia kuangalia nani kaona saa ngapi, shangazi kaona, baba mdogo kaona, mdogo wangu kaona, mpaka masaa 5 yanafika hakuna hata kidole gumba. Nikaandika, na hii nairudia kama ilivyokuwa ili mnijue, "naona hela ndo zinajibiwa haraka, picha hazijibiwi". Nikatoka kwenye grupu.

Kumbe siku hiyo ni harusi ya binamu yetu, watu wanafungua simu mikono ina masala. Na hawakunambia tarehe ya harusi imebadilishwa kwa sababu waliogopa nitaumia. Mama alinipigia usiku, hakupaza sauti, angepaza ingekuwa afadhali, aliniuliza tu, "mwanangu, sisi ni ombaomba wako?" Sikuwa na jibu. Yule mtu aliyeandika ile meseji simjui, mimi sio mtu wa maneno hayo, walionilea wanajua.

Nimekuja kuelewa baadaye. Kuna watafiti wa chuo cha MIT huko Marekani walitoa kazi yao Novemba 2020, walichukua watu 40 wakawakalisha peke yao masaa 10, hamna mtu hamna simu, siku nyingine wakawakatalia chakula masaa 10, halafu wakawapima ubongo. Ile sehemu inayoruka ukiona picha ya msosi una njaa, ndo hiyo hiyo iliyoruka walipoonyeshwa picha za watu wako pamoja wanacheka. Masaa 10 tu! Kwa hiyo ukisema njaa ya watu sio mashairi. Na kuna marehemu profesa John Cacioppo wa chuo kikuu cha Chicago, alisoma upweke miaka mingi, yeye alikuwa anasema mtu akikaa mpweke sana ubongo unaingia kwenye ulinzi, unaanza kutafuta adui kila kona. Yaani hapo ndo balaa ilipo. Njaa ya tumbo ukiletewa sahani unaipokea, hii nyingine unaletewa sahani unasema imewekwa sumu.

Daktari alinipangia mshauri wa kwa simu, dakika 30 kwa wiki, mwanzoni nikaona utoto. Alinambia chukua karatasi piga mstari katikati, kushoto andika kilichotokea, kulia andika ulichofikiri. Kushoto nikaandika: hawajajibu masaa 5. Kulia: wamenichoka, wananitaka kwa ajili ya hela tu, nikifa huku watajua baada ya wiki. Akaniuliza kulia ulikitoa wapi. Dah.

Nyingine iliyonisaidia hata haina jina la kitaalamu. Kule Belgrave Road kuna duka la viungo, bibi mmoja wa Kihindi anakaa nyuma ya plastiki, barakoa mpaka machoni. Leicester imejaa Wahindi waliofukuzwa na Idi Amin 1972, na halmashauri ya hapa wakati ule ililipia mpaka tangazo kwenye gazeti la Uganda kuwaambia msije kwetu, wakaja hivo hivo, leo ndo wenye mtaa. Basi naongea na simu na mdogo wangu nimeshika iliki, bibi akasikia, akasema "kijana, habari ya nyumbani?" Kiswahili cha Kampala cha zamani hicho, cha dukani, kimenyooka. Nilishindwa kujibu nikaanza kulia mbele ya foleni, watu mita 2 2 nyuma yangu. Hakunigusa maana haruhusiwi. Alisukuma paketi ya iliki chini ya plastiki akasema "lete hela kesho, lakini uje wewe mwenyewe". Nikaenda kesho yake, na kesho kutwa pia, mpaka nikawa na iliki za kufungulia duka langu.

Grupu nilirudi baada ya wiki 3. Nilikuwa nimeandika radhi ndefu, aya 4, naiogopa kuituma. Mdogo wangu akaniingiza, ikatokea ile "ameongezwa", nikashika simu nasubiri. Kimya dakika moja. Halafu baba mdogo akatuma ile stika ya maua imeandikwa Asubuhi Njema, saa 4 usiku. Nikaijibu hapo hapo.