Pikapu ya Umeme: Kazini, na Siku Umeme Unapokatika
(Mhadhara kwa jumuiya ya Waswahili wa Houston, Texas)

Ndugu zangu, habari za jioni. Nawashukuru viongozi wa jumuiya kwa kunikaribisha, na kina mama kwa chai na mandazi. Wadogo zetu mnaocheza huko nyuma, punguzeni sauti kidogo tu, wazee wasikie.

Nimeombwa nizungumzie pikapu za umeme, hasa hii Ford F-150 Lightning ambayo baadhi yenu mmeiona imeegeshwa hapo nje. Sikuja kumuuzia mtu gari. Mimi ni fundi umeme, na mwaliko huu nimeukubali kwa sababu ya watu waliokufa.

Wengi wenu mlikuwa hapa Februari 2021, baridi ilipouangusha umeme wa Texas. Nyumba na biashara zaidi ya milioni 4 zilikaa gizani, na hesabu rasmi ya jimbo ilifika watu 246 waliopoteza maisha. Wengi waliuawa na baridi. Lakini wapo waliouawa na moshi: mtu kawasha gari ndani ya gereji apate joto, mwingine kaingiza jiko la mkaa sebuleni, mwingine kaweka jenereta mlangoni. Sisi tumekulia kwenye majiko ya mkaa na tunadhani tunayajua. Nyumba za kwetu zinapumua, ndugu zangu. Juu ya ukuta pana uwazi, madirisha yana nyavu. Nyumba ya Marekani imezibwa kila upande ili joto lisitoke, na monoksaidi ya kaboni nayo haitoki. Haina rangi, haina harufu. Mtu anasikia kichwa kinauma, anajilaza kidogo, haamki.

Kisha tarehe 8 Julai 2024 kikaja kimbunga Beryl. Safari hii ni joto. Wateja zaidi ya milioni 2.2 wa Houston na vitongoji vyake walikosa umeme, wengine kwa zaidi ya wiki. Jenereta zikatoka tena, na tena watu wakafa kwa moshi wake. Vituo vingi vya petroli vilikuwa na mafuta ardhini ila havina umeme wa kuyavuta.

Betri haina moshi. Ndiyo sababu nasimama hapa. Ila hatari haiishi kwa kuondoa moshi; inahama kutoka kwenye bomba la moshi na kwenda kwenye waya unaounganisha gari na nyumba. Huko ndiko nitakakokaa muda mrefu zaidi jioni hii, na naomba mnivumilie.

Wazo lenyewe si la Marekani. Baada ya tetemeko na tsunami ya Machi 2011 huko Japani, mwaka 2012 Nissan walianza kuuza kifaa cha kuutoa umeme kwenye gari la Leaf na kuuingiza nyumbani. Betri ya Leaf wakati ule ilikuwa ya kilowati-saa 24, na kampuni ilihesabu kwamba ingeitosha nyumba ya Kijapani kwa siku mbili hivi. Sasa Lightning, iliyoanza kutoka kiwandani Dearborn, Michigan, Aprili 2022, betri yake ndogo ni kilowati-saa 98 na ile kubwa ni 131. Nyumba ya wastani ya Marekani hutumia kama kilowati-saa 30 kwa siku. Ndiyo maana tangazo la Ford lilisema siku tatu.

Hapo watu wanasikia 131, macho yanawatoka, wanasahau kuuliza namba ya pili. Simtanki lako linaweza kuwa la lita elfu tano, lakini kama bomba lake ni la nusu inchi, huwezi kuoga, kufua na kumwagilia bustani kwa wakati mmoja. Kilowati-saa ndizo ujazo wa simtanki. Kilowati ndiyo bomba. Kwenye Lightning bomba ni kilowati 9.6 kwa toleo lililokamilika, na 2.4 tu kwa matoleo mengine. Anayetaka kununua iliyotumika aangalie nyuma, sehemu ya mizigo: asipoona soketi kubwa ya volti 240, gari hilo ni la 2.4. Usimwamini muuzaji kwa mdomo. Angalia soketi.

Mafundi wenzangu, seremala, wapaka rangi, watu wa mabomba, nianze na ninyi. Gari kamili lina soketi 10 za volti 120 na hiyo moja ya 240. Kilowati 7.2 zinatoka nyuma na ndani ya kabini, na 2.4 zinatoka mbele, chini ya boneti, mahali ambapo injini ingekaa. Msumeno wa mviringo wa ampea 15 unavuta wati 1,800. Kompresa ya misumari, karibu hivyo hivyo. Ukiwa na toleo la 2.4 huwezi kuviendesha vyote viwili pamoja, na mota inapoanza huvuta mara kadhaa ya kawaida yake kwa kitambo kidogo. Ukiwa na 9.6, kata, piga misumari, chomelea, washa taa, wala haishtuki.

Na inakula kiasi gani? Tupige hesabu ya siku ya kazi. Msumeno hauzunguki siku nzima, unazunguka unapobonyeza. Jumlisha dakika zote za kukata, mpe saa nzima: kilowati-saa 1.8. Kompresa saa moja na nusu: 2.7. Taa za LED na kuchaji betri za drili: moja nyingine. Jumla haifiki 6. Kwa gari lenye betri ndogo, lililopimwa maili 230 kwa chaji moja, hiyo ni kama maili 14 za safari. Basi. Hakuna petroli ya kumimina saa sita mchana, na mnazungumza juu ya paa bila kupigiana kelele. Jirani wa mteja hakugongei saa moja asubuhi. Ukimaliza, zima soketi kwenye skrini, maana gari lenyewe linakula umeme kidogo kuziweka wazi.

Kaka mmoja ameniuliza mlangoni kama kazi hii haiui betri. Mota za Lightning yenye betri kubwa zina nguvu farasi 580, yaani zaidi ya kilowati 430. Ukichomoa 9.6, betri haijui hata kama umeigusa. Ford waliidhamini kwa miaka 8 au maili 100,000. Kinachoichosha betri ni joto kali na kuiacha imejaa pomoni muda mrefu juani.

Sasa nyumbani.

Njia ya kwanza ndiyo nawashauri wengi wenu, hasa mnaoishi kwenye apatimenti au nyumba ya kupanga. Chukua ekstensheni nene, ile ya nje, ya geji 12. Hapa namba ikiwa ndogo waya ndiyo mnene, msichanganyikiwe. Chomeka upande mmoja kwenye gari, upande mwingine kwenye friji moja kwa moja. Ikunjue yote, waya uliosokotwa kama kamba unapata moto. Pitisha dirishani. Hamna kibali wala fundi. Friji linakula kama kilowati-saa 2 kwa siku. Taa, simu na intaneti, moja. Kiyoyozi kidogo cha dirishani cha chumba kimoja, wati 500, kikifanya kazi saa kumi na mbili ni 6. Kama una mzazi anayetumia mashine ya oksijeni, hiyo inavuta wati 300 hivi usiku na mchana, nayo ni kama 7. Jumla ni 16. Kwenye betri ya 131, weka 30 pembeni kwa ajili ya kwenda hospitali, ondoa kinachopotea njiani, bado una siku tano na zaidi. Mama mwenye mgonjwa ndani ya nyumba, hesabu hii iandike ubandike kwenye friji.

Njia ya pili ni kuingiza umeme kwenye boksi la breka la nyumba kupitia ile soketi ya 240. Hapa nisikilizeni kwa makini sana.

Kuna watu wanatengeneza waya wenye plagi ya kiume pande zote mbili. Upande mmoja kwenye gari, wa pili kwenye soketi ya mashine ya kukaushia nguo. Nyumba inawaka, wanashangilia. Meni swichi ikiwa haijazimwa, umeme ule unatoka nje hadi kwenye transfoma ya mtaani, na transfoma iliyokuwa ikishusha umeme sasa inaupandisha kuwa maelfu ya volti kwenye nyaya ambazo fundi wa laini anaamini zimekufa. Yule kijana juu ya nguzo ana mke na watoto, na amekuja kukurudishia umeme wewe. Na hata meni ikiwa imezimwa, plagi ikichomoka upande mmoja, meno ya shaba yaliyo wazi yana volti 240 mkononi mwa mtoto. Waya huo usiwepo nyumbani kwako. Ukiukuta, ukate.

Halali ni kuweka swichi ya kuhamisha, ambayo kwetu tunaiita chenji-ova, inayohakikisha nyumba inakula kutoka gridi, yaani umeme wa mtaani, au kutoka gari, kamwe si kote kuwili. Wengine wanaweka kufuli ya chuma kwenye boksi, bei rahisi, inayozuia breka ya meni na breka ya jenereta kuwaka pamoja. Kwa jenereta nyingi inatosha. Kwa pikapu hii inasumbua, na sababu ni hii. Ndani ya gari, nyutro, yaani waya unaorudisha umeme, imefungwa pamoja na waya wa ardhi. Ndani ya boksi la nyumba yako pia, nyutro na ardhi zimefungwa pamoja. Ukiziunganisha mbili, umeme unaorudi unagawanyika: sehemu inapita kwenye nyutro, sehemu inapita kwenye ardhi. Kinga ya gari inapima kilichotoka na kilichorudi, inaona pungufu, inadhani mtu anapigwa shoti, inakata. Mwenye nyumba anaona gari ni bovu. Kumbe gari linafanya kazi yake.

Nimeona watu wakitibu hilo kwa kukata waya wa ardhi kwenye kebo. Nawasihi, msifanye. Umeinyamazisha kinga ile ile ambayo ingekuokoa. Dawa yake ni chenji-ova inayohamisha na nyutro pia, ili gari linapolisha nyumba, nyutro ya gridi iwe imeachana kabisa. Mwambie fundi wako maneno hayo hayo: swichi ihamishe na nyutro. Akikutazama kama hujui unachosema, tafuta fundi mwingine. Na chukua kibali cha jiji.

Njia ya tatu ni mfumo wenyewe wa Ford, uliofungwa na kampuni ya sola ya Sunrun. Umeme wa betri unatoka kwa kebo ile ile ya kuchajia, inveta ya ukutani inaugeuza uwe umeme wa kutumika nyumbani, na gridi ikikatika nyumba inajihamisha yenyewe. Ni mzuri. Vifaa vilikuwa karibu dola 3,900 bila chaja na bila kazi ya fundi, na kazi ya fundi ni maelfu mengine. Bado bomba ni 9.6. Kiyoyozi cha nyumba nzima kinahitaji kilowati 3 hadi 4, na kinapoanza kinavuta zaidi sana, kwa hiyo kifungiwe kifaa cha kukianzisha polepole. Hita ya maji ni 4.5. Jiko la umeme na kikaushio, usivifikirie. Mwezi wa saba hapa Houston nyumba yenye kiyoyozi kikubwa inaweza kula kilowati-saa 50 au 60 kwa siku, na zile siku tatu za tangazo zinakuwa mbili.

Mzee wangu pale mbele ameuliza kama anaweza kuisafirisha Dar es Salaam imwendeshee nyumba. Hapana, mzee. Usukani uko kushoto, hilo mnalijua. Ndugu zetu wa Kongo wao hawana tabu hiyo. Lakini umeme wake ni wa mizunguko 60 kwa sekunde na kwetu ni 50, tena volti 240 yake inapatikana kati ya nyaya mbili za moto za 120, si kati ya moto na nyutro kama kwetu. Pampu na friji za huko zimetengenezwa kwa mpangilio mwingine.

Mwingine ameuliza kama gari hili bado linatengenezwa. Desemba 2025 Ford walitangaza kuachana na Lightning ya betri tupu. Zilizotumika zipo sokoni. Chevrolet Silverado EV na Tesla Cybertruck nazo zinaweza kulisha nyumba, zikiwa na vifaa vyake.

La mwisho, na ni la Houston hasa. Kama mtaa wako unafurika, usiache gari la umeme maji yaliposimama, zaidi maji ya chumvi. Baada ya kimbunga Ian huko Florida mwaka 2022, magari yaliyozama yaliwaka moto, mengine siku kadhaa baadaye. Kwa hiyo kwa baadhi yenu ukweli ni mgumu: saa ambayo mnalihitaji nyumbani ndiyo saa linayotakiwa kuwa juu, mbali na nyumba. Kabla msimu wa vimbunga haujaanza Juni, kubalianeni na ndugu anayekaa mahali palipoinuka. Gari liende kwake likiwa limejaa, na mgonjwa na dawa za friji viende pamoja na gari.

Nina mita ya kupimia wati, na gari limewashwa. Aliyekuja na friza lake ndogo, kompresa au mashine ya mzazi wake, twende nje tuipime.