Hastings: mashua kwanza, chipsi baadaye

Bwana mwenyekiti, kina mama, kina baba, na nyinyi vijana mliokaa nyuma karibu na mlango ili mpate kutoka mapema, nimewaona.

Nimeombwa niseme machache kuhusu Hastings, mji wa pwani ya kusini ya Uingereza, kabla basi la jumuiya halijatupeleka huko mwezi wa Agosti. Wengi mmeshanisikia kwenye jambo hili, na mwenyekiti anacheka kwa sababu anajua ninakoelekea. Naelekea huko huko. Watu wetu wakifika mji wa pwani hapa Uingereza, hukimbilia mashine za michezo za kutia sarafu, wakatoka hapo wakala chipsi, wakapiga picha gatini. Jioni ndani ya basi utawasikia: "Bahari gani hii, baridi, mchanga wenyewe hakuna." Kweli. Ufuko wa Hastings ni kokoto, na mchanga hauonekani mpaka maji yapwe. Vaeni viatu vya maana. Anayetaka kuogelea ajue kwamba hata Agosti maji kwa kawaida hayafiki nyuzi 20. Hilo tumelimaliza.

Mimi nasema hivi: mkishuka kwenye basi, elekeeni mashariki, mji wa kale, mahali panapoitwa Stade. Hapo mtakuta mashua za uvuvi zimepandishwa juu ya kokoto. Hastings haina bandari. Walijaribu kuijenga miaka ya 1890, wakaanza ukuta wa kuingia baharini, wakashindwa, wakauacha nusu. Kile kipande cha ukuta bado kipo, na ndicho kinachoukinga ufuko na mawimbi ya upande wa magharibi. Mradi uliokwama, na bado una faida!

Basi kila chombo hushuliwa kutoka ufukoni. Buldoza hukisukuma mpaka majini. Kikirudi, hufungwa waya wa chuma, winchi ikavuta, mbao zikatandikwa chini ya mkuku, ule uti wa chini wa chombo, nacho kikapanda juu ya mawe kwa kelele ambayo mtu hawezi kuiita muziki. Zamani farasi ndio waliokuwa wakizungusha duara, ile roda ya kuvutia kamba. Na kwa kuwa chombo lazima kivutwe nchi kavu, hakiwezi kuwa kikubwa: nyingi hazifiki mita 10. Kwa hiyo haziendi mbali, hazikai baharini siku nyingi, na samaki anauzwa maduka ya pale pale, yupo gayogayo wa baridi, wapo vibua, yupo dome. Anayetaka kujua kwa nini uvuvi huu haujafa wakati miji mingine imebakiwa na sanamu ya mvuvi tu, aanze na hilo buldoza.

Najua mtakaloniambia. "Mzee, sisi tumezaliwa na ngalawa mlangoni. Tupande basi kutoka London kwenda kutazama mashua?" Ndiyo! Nani mwingine ataziona? Mwaka mmoja alikuja nasi mzee wa Pemba, mvuvi maisha yake yote, amekuja kumtembelea binti yake. Wenzake wakaingia kwenye mashine za sarafu. Yeye akasimama mbele ya mashua moja, akainama kutazama chini, akaugusa ubao wa ubavuni kwa kucha, akauliza: "Huyu hupweleza na wimbi la nyuma au la ubavu?" Mjukuu wake, mtoto wa miaka kumi na moja, ikabidi amtafsirie mvuvi wa kizungu aliyekuwa anatengeneza wavu. Mtoto hakujua "kupweleza", yaani kukipandisha chombo ufukoni, ni nini. Mzee akamwonyesha kwa mikono, mvuvi akaelewa kabla ya mtoto. Wale watu wawili walizungumza kwa mikono mpaka basi likapiga honi. Walibishana kuhusu fundo! Mzungu akafunga lake, mzee akalifungua, akafunga la kwao. Tulimtoa pale kwa kumvuta, karibu tuazime winchi.

Haya. Hapo hapo mtaona vibanda vyembamba vya mbao, virefu, vyeusi kwa lami. Ni stoo za nyavu. Nyavu za zamani zilikuwa za pamba na katani, ukiziweka mbichi zinaoza. Na ufuko ulikuwa finyu, kila mvuvi amepewa kieneo kidogo cha kutandika mkeka. Basi wakajenga kwenda juu, ghorofa juu ya ghorofa. Msiniulize kama ndani kuna jini.

Pembeni yake kuna makumbusho ya wavuvi, ndani ya kanisa lao la mwaka 1854. Katikati ya kanisa kumewekwa chombo kizima cha tanga, Enterprise, cha mwaka 1912. Ukuta ulibomolewa ili kiingie. Kuingia hamlipi, mwenye nacho hutia kitu kwenye sanduku.

Nisisahau chama cha konokono. Mwaka 1900 wavuvi na jirani zao waliunda chama cha kusaidia watoto maskini wa mji wa kale. Mwanachama hutembea na gome la konokono mdogo wa baharini mfukoni. Ukikutana naye ukamwambia alionyeshe na hana, anatozwa faini, na faini inakwenda kwa watoto. Winston Churchill naye alikuwa mwanachama. Mweka hazina wetu, umesikia? Ada za mwaka huu nani kalipa?

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka basi. Kuna vigari viwili vya kupanda mlima kwa reli. Cha East Hill ni cha 1902, kimesimama wima hasa, mwenye kizunguzungu abaki chini. Vita vya 1066, vile vinavyoitwa vya Hastings, ambavyo William wa Normandia aliwashinda Waingereza, havikupiganwa Hastings, vilipiganwa kilomita kama 10 kutoka hapo, penye mji unaoitwa Battle. Hastings kuna magofu ya ngome ya huyo William, na sehemu yake nyingine imekwisha kuliwa na bahari. Gati la 1872 liliungua mwaka 2010, likafunguliwa tena 2016, mwaka uliofuata likapata Tuzo ya Stirling ya usanifu majengo. Wengine huliona tupu. Mimi nalipenda, lina upepo. John Logie Baird alifanya majaribio yake ya televisheni katika mji huu miaka ya 1923 na 1924. Hilo lingetaka jioni yake peke yake, naliacha.

Chipsi kuleni, sijakataza. Lakini kaeni chini ya paa, shakwe wa pale hawaombi.

Maswali? Naam, mama. Vyoo vipo, karibu na makumbusho. Bwana uliyenyosha mkono nyuma: la, basi halitasimama njiani.