Waliomzamisha Felix Manz Walikuwa Rafiki Zake

Bwana Yesu asifiwe. Asanteni. Mwenyekiti amenipa dakika 40, na naona wanaonijua wameanza kucheka, maana wanajua nitakwama mtoni. Ni kweli, nitakwama. Habari za Felix Manz, aliyezamishwa mtoni kwa ajili ya imani yake, nimezisimulia kwenye semina za vijana, kwenye mikutano ya akina mama, hata msibani mara moja, mpaka mzee mmoja akaniuliza, "Mwalimu, huyu mtu wako haishi kuzama?" Haishi, mzee wangu. Leo anazama tena.

Luther na hoja zake 95 mnazijua, nazipita. Twende Zürich, Uswisi.

Shida yetu ni kwamba tukisikia neno mfiadini tunamtafuta Nero, au Kabaka Mwanga. Tunataka muuaji awe mtu wa mbali, asiyejua hata kufungua Biblia. Manz hakuuawa na mtu wa namna hiyo, na Papa hakuhusika. Aliuawa na mji uliokwisha kuyapokea Matengenezo ya Kanisa, kwa hukumu ya baraza la mji lililokuwa likimsikiliza mhubiri wake Ulrich Zwingli. Na huyo Zwingli ndiye aliyewakusanya vijana, Manz akiwemo, wakasoma naye Maandiko kwa lugha zake za asili. Manz alikuwa hodari wa Kiebrania. Mwalimu alimwambia kijana asome, kijana akasoma mno.

Walipoachana ni Oktoba 1523, kwenye mjadala mkubwa kuhusu sanamu na misa. Wote walikubaliana kwamba misa ile haina msingi katika Maandiko. Sasa iondolewe lini, na kwa namna gani? Zwingli akasema hilo wataamua waheshimiwa wa baraza. Hapo akasimama padri mmoja, Simon Stumpf, akamwambia: Mwalimu Ulrich, huna mamlaka ya kuwapa waheshimiwa uamuzi huu, Roho wa Mungu amekwisha kuamua. Wanafunzi wangu huruka ukurasa huu wakimbilie ubatizo. Msiuruke! Ubatizo ulikuja baadaye. Ugomvi wa kwanza ulikuwa huu: neno la Mungu likishajulikana, linangoja mhuri wa nani?

Msiniambie hayo ni mambo ya Wazungu wa zamani. Kanisa likigombania ufunguo wa ofisi, simu ya kwanza anapigiwa nani? Mkuu wa wilaya. Halafu Jumapili tunasimama kuimba kwamba sisi ni watoto wa Waanabaptisti, yaani kundi la Manz lililobatiza watu waliokwisha kuamini, kwa kuwa wamisionari wa Kimennonite, kanisa lililotokana nao, walifika Shirati mwaka 1934. Haya, nisigombane mapema.

Januari 1525 baraza likatoa amri: kila mtoto mchanga abatizwe ndani ya siku nane, na mzazi atakayekataa afukuzwe mjini. Mtu ataniuliza, "Mwalimu, maji kidogo tu kichwani mwa mtoto, kweli ndiyo watu wauane?" Ndiyo, kwa sababu pale kubatizwa na kuwa mtu wa mji lilikuwa jambo moja. Ukisema mtoto asubiri mpaka aamini mwenyewe, umesema kuna kanisa ambalo mtu haingii kwa kuzaliwa, na ambalo baraza haliwezi kumwingiza mtu. Waheshimiwa walilielewa hilo kuliko tunavyolielewa sisi. Zwingli naye alikiri kwamba miaka ya nyuma aliwahi kudhani ni vema kungoja mtoto akue. Baadaye akaita wazo hilo kosa.

Tarehe 21 Januari Manz na wenzake wakakatazwa kukutana. Jioni ileile wakakutana. Inasimuliwa kwamba ilikuwa nyumbani kwa mama yake Manz, karibu na kanisa kuu. Mmoja wao, George Blaurock, akamwomba mwenzake Conrad Grebel ambatize kwa imani yake, kisha Blaurock akawabatiza wenzake. Siku chache baadaye Manz yuko kijijini Zollikon, ndani ya nyumba ya mkulima, anachota maji kwa kata na kumbatiza mtu.

Naona ndugu zangu wa Kipentekoste mnatazamana. Walizamisha au walinyunyiza? Walimwagia. Wa kuzamisha lilikuwa baraza.

Baada ya hapo ni kukamatwa na kuachiwa, kukamatwa na kuachiwa. Machi 1526 Manz, Grebel na Blaurock walihukumiwa kufungwa maisha kwa mkate na maji, na baada ya wiki mbili hivi wakatoroka kwa dirisha la mnara. Mwezi huohuo baraza likatangaza: atakayembatiza mtu mara ya pili atazamishwa. Grebel akafa kwa tauni mwaka uleule. Desemba, Manz na Blaurock wakanaswa katika eneo la Grüningen.

Sasa tumefika mtoni.

Ni Jumamosi, tarehe 5 Januari 1527, saa tisa alasiri. Limmat ni mto unaotoka ziwani na kupita katikati ya mji. Gereza lake, mnara wa Wellenberg, lilijengwa ndani ya maji yaleyale. Wakamtoa humo, wakampeleka soko la samaki, wakamsomea hukumu, wakampitisha machinjioni hadi kwenye mtumbwi. Ninyi watu wa ziwa soko la samaki mnalijua: mizani, makelele, wachuuzi. Hapo ndipo alipopita. Alikuwa na umri wa kama miaka 29, akimsifu Mungu kwa sauti kwamba anakwenda kuifia kweli. Mhubiri mmoja alikuwa ubavuni mwake akimbembeleza: Felix, kana. Sema neno moja tu. Ng'ambo ya maji alisimama mama yake, pamoja na ndugu yake. Wakampazia sauti: Felix, usirudi nyuma!

Nikifika hapa huwa naulizwa, na anayeuliza siku zote ni mwanamke: mama gani huyo? Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, sasa huyu mzazi mbona anamsukuma mwanawe majini? Swali hilo limenikosesha usingizi, na sitaki kulijibu kwa wepesi. Mtazameni mama mwenyewe kwanza. Alizaa na padri, na padri haruhusiwi kuoa. Basi amemlea Felix akiwa mwanamke ambaye mji mzima unajua habari zake, na ambaye sheria ya kanisa haina jina zuri la kumwita. Kisha mwanawe anasema kuna kanisa ambalo mtu haingii kwa ukoo wala kwa cheti cha baba, anaingia kwa kuamini. Mnadhani mama alisikia nini? Mimi nadhani alisikia kwamba kwa mara ya kwanza kuna mlango usiomuuliza mumewe ni nani. Akafungua nyumba yake. Na alasiri ile, kama mwanawe angekana, mlango ule ungefungwa juu ya wote wawili. Hayo ni maoni yangu. Bullinger, mwandishi wa upande wa waliomuua, anataja tu kwamba mama na ndugu walimtia moyo asitetereke. Na kama adui ndiye aliyeandika hivyo, mimi naamini.

Wakamfunga mikono, wakaivuta hadi ikapita magoti, wakapenyeza fimbo katikati asiweze kujinyoosha. Akaimba kwa Kilatini: *In manus tuas, Domine, commendo spiritum meum*. Mikononi mwako, Bwana, naiweka roho yangu. Wakamtupa. Maji ya Januari, Uswisi. Mali yake ikachukuliwa na serikali ya mji.

Blaurock siku ileile alichapwa viboko na kufukuzwa. Hakuzamishwa kwa sababu hakuwa raia wa Zürich. Mnaona hesabu yao? Miaka miwili baadaye wengine walimchoma moto Tirol.

Kuna ndugu hapa atainua mkono aseme Waanabaptisti walikuwa wachochezi, tukumbuke Münster, mji wa Ujerumani ambao Waanabaptisti wengine waliuteka kwa silaha. Tukumbuke, na tukumbuke tarehe pia. Münster ni 1534 na 1535. Manz alikuwa amekwisha kukaa kaburini miaka saba! Halafu msichanganye Münster, ambao ni mji, na Thomas Müntzer, ambaye ni mtu, mhubiri aliyeunga mkono vita vya wakulima Ujerumani. Kila mwaka kuna anayemzamisha mmoja ndani ya mwenzake kwenye mtihani. Huyo Müntzer kundi la Zürich lilimwandikia Septemba 1524, Manz akiwa miongoni mwao, wakimwambia injili haitetewi kwa upanga. Je, mtu anayeandika hivyo ni mchochezi? Labda. Baraza lisilo na namna ya kumtisha mtu huona uchochezi kila mahali.

Nilitaka kumleta Michael Sattler, Mwanabaptisti mwingine aliyeuawa Rottenburg mwaka huohuo wa 1527, na Dirk Willems aliyerudi kumwokoa mfukuzaji wake barafuni, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Willems mtamsoma wenyewe.

Moja tu. Mwaka 2004 Wareformati wa Zürich, yaani kanisa la Zwingli, walikiri kosa hadharani, na ukingoni mwa Limmat likawekwa bamba. Linasema Manz na Waanabaptisti wengine watano walizamishwa hapo kati ya 1527 na 1532, na kwamba wa mwisho kuuawa Zürich alikuwa Hans Landis, mwaka 1614. Nimelipenda bamba lile, na nimelikasirikia. Nimelikasirikia kwa sababu ya yule aliyesimama ng'ambo akipaza sauti. Yeye hayumo.

Haya, mwenyekiti, chukua kipaza sauti chako.